Mwanafunzi Aonekane Akifikiri: Kurejesha Tathmini ya Uhandisi Ana kwa Ana

Ndugu Mwenyekiti, wakuu wa idara, wahadhiri wenzangu, wakufunzi wa maabara na karakana, na ninyi wanafunzi mliokubali kuacha shughuli zenu za alasiri ili mje kutusikiliza:

Nimeombwa nizungumzie namna vyuo vya uhandisi vinavyotoka kwenye mitihani ya mtandaoni na kurejea kwenye mitihani ya ana kwa ana. Nitautaja msimamo wangu mapema ili asiwepo wa kuusubiri: naunga mkono kurejea huko, lakini siungi mkono kurejea kwenye kila kitu tulichokuwa tukikifanya kabla ya mwaka 2020. Ninachotaka kirudi ni uwepo wa mwanafunzi mbele ya mtu anayeweza kumuuliza "kwa nini?" na kusubiri jibu. Kukariri kanuni na kuzitapika kwa saa tatu katika ukumbi wenye joto ni jambo jingine, na tukiyachanganya haya mawili tutanunua madawati mengi ya mitihani na bado tutatunuku shahada kwa watu ambao hatujui wanajua nini.

Tukumbuke kwanza tulifikaje hapa. Vyuo vyetu vya Tanzania vilifungwa katikati ya Machi 2020 na kufunguliwa tarehe 1 Juni mwaka huohuo, kwa hiyo wengi wetu hatukulazimika kuhamishia mitihani yote mtandaoni. Jirani zetu wa Kenya walifungiwa kwa muda mrefu zaidi, na baadhi ya vyuo vikuu vyao vikaendesha mihadhara na mitihani kupitia intaneti. Huko Uingereza, Marekani na Australia mabadiliko yalikuwa makubwa kuliko kwetu sote: mtihani wa saa tatu uligeuzwa kuwa karatasi inayopakuliwa asubuhi na kurudishwa kesho yake, mwanafunzi akiwa na vitabu vyake vyote na mtandao wote mbele yake. Kwetu sisi yaliingia kidogokidogo. Yalikuja majaribio ya maswali ya kuchagua kwenye Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni, yakaja mazoezi ya nyumbani yanayotumwa kama picha za simu, ripoti za maabara zilizokuwa zikiandikwa kwenye daftari na kusainiwa kabla mwanafunzi hajatoka mlangoni zikawa faili za kupakia usiku, na utetezi wa mradi wa mwaka wa mwisho ukafanyika kwa video ambayo mara nyingi kamera yake imezimwa "kwa sababu ya bando". Hakuna kikao kilichoamua kwamba tuhame, ila tulizoea hatua moja hadi nyingine, na sasa sehemu kubwa ya alama za mwanafunzi wa uhandisi inatokana na kazi ambazo hakuna mtu aliyemwona akizifanya.

Wapo wanaodhani tatizo la tathmini ya namna hii limeletwa na akili mnemba, lakini lilikuwapo kabla yake. Mwezi Mei 2020, chuo cha kijeshi cha Marekani cha West Point, kilichoanzishwa mwaka 1802 na ambacho kwa miongo kadhaa kilikuwa chimbuko kuu la wahandisi wa nchi ile, kilitoa mtihani wa kalkulasi kwa njia ya mtandao. Wasahihishaji waligundua kwamba wanafunzi wengi walikuwa wamekosea mahali palepale na kwa namna ileile, na hatimaye kadeti 73 wakatuhumiwa kudanganya. Kanuni ya heshima ya chuo kile inamkataza kadeti kusema uongo, kudanganya na kuiba, na inamkataza pia kumvumilia mwenzake anayefanya hayo. Ikiwa kanuni nzito kiasi hicho, katika chuo ambacho kinaweza kumfukuza mtu kwa kuivunja, haikuzuia jambo lile, sioni kwa nini tamko la uadilifu ambalo mwanafunzi wetu hulikubali kwa kubonyeza kisanduku liwe na nguvu zaidi.

Kadeti wale angalau waliacha alama za nyayo, kwa kuwa makosa yanayofanana ni ushahidi. ChatGPT, programu ya akili mnemba inayojibu maswali kwa maandishi, ilipotolewa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, ushahidi wa aina hiyo ulianza kutoweka, kwa sababu wanafunzi mia wanaweza kuuliza swali moja na kila mmoja akapata maelezo yenye maneno yake, mpangilio wake na hata makosa yake. Watafiti wa chuo cha EPFL cha Lausanne, nchini Uswisi, walikusanya maswali ya mitihani na mazoezi kutoka kozi 50 za chuo chao, nyingi zikiwa za sayansi na uhandisi, wakaupa mtambo wa akili mnemba wa GPT-4. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2024, yalionyesha kwamba mtambo ulijibu sawasawa asilimia 65.8 ya maswali kwa wastani, na kwamba kwa asilimia 85.1 ya maswali ilipatikana angalau njia moja ya kuuliza iliyoleta jibu sahihi. Huo ulikuwa mtambo wa mwaka 2023, na mitambo haijasimama pale ilipokuwa.

Nani atatutambulia kazi ya mtambo? Kampuni ya OpenAI yenyewe ilitoa chombo cha kutambua maandishi ya mitambo mwezi Januari 2023, ikakiri tangu mwanzo kwamba chombo hicho kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi hayo, na mwezi Julai mwaka huohuo ikakiondoa kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Aliyetengeneza mtambo alishindwa kuutambua. Mhadhiri mwenye ripoti 180 za kusahihisha ndani ya wiki mbili asitarajiwe kufanya hivyo kwa macho, na asimshtaki mwanafunzi mbele ya kamati ya nidhamu kwa sababu Kiingereza chake kimekuwa kizuri ghafla.

Njia nyingine iliyojaribiwa ni kumsimamia mwanafunzi kwa kamera akiwa kwake. Nitaipitia kwa haraka kwa sababu sidhani kama inatufaa. Nchini Marekani, mwezi Agosti 2022, mahakama ya shirikisho iliamua katika shauri dhidi ya Chuo Kikuu cha Jimbo cha Cleveland kwamba kumlazimisha mwanafunzi aonyeshe chumba chake kwa kamera kabla ya mtihani kulikiuka haki yake ya kikatiba ya kutopekuliwa bila sababu. Mjini Amsterdam mwanafunzi mweusi alilalamika kwamba programu ya usimamizi ilikuwa ikishindwa kuutambua uso wake. Taasisi ya haki za binadamu ya Uholanzi mwanzoni iliona kuna dalili za ubaguzi, na mwaka 2023 ikahitimisha kwamba ubaguzi haukuthibitika kwa upande wa chuo. Hata kwa hitimisho hilo, mhadhiri wa Dar es Salaam au Mbeya ana sababu ya kujiuliza programu hizo zilizifanyia majaribio nyuso za nani. Na tukiacha nyuso, kuna chumba ambacho mwanafunzi anaishi na wadogo zake, kuna umeme unaokatika katikati ya swali la tatu, na kuna simu iliyonunuliwa mkononi ambayo kioo chake kimepasuka.

Ndugu Mwenyekiti, matatizo haya yanawahusu pia walimu wa sheria, historia na biashara, ila katika uhandisi kuna jambo la ziada. Mtu anayempima fundi seremala kwa kuangalia kiti kilicholetwa kutoka nyumbani anapima kiti tu, kwa maana hajui ni nani aliyekitengeneza. Kwa kiti hasara ni ndogo, lakini shahada ya uhandisi humsogeza mtu karibu na saini inayoruhusu ghorofa kujengwa, transfoma kuwashwa au boila kupandishiwa shinikizo. Ni kweli kwamba shahada haiwi hatua ya mwisho. Bodi ya Usajili wa Wahandisi inamtaka mhitimu apitie kipindi cha kazi chini ya usimamizi kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu, na mpango wa SEAP, ulioanza mwaka 2003, humweka mhitimu chini ya wahandisi wenye uzoefu kwa miaka 3. Lakini msimamizi wa SEAP huanza kazi yake akiamini kwamba chuo kimeshamaliza yake. Hapangi kumfundisha mhitimu maana ya momenti ya kupinda, yaani kipimo cha jinsi mzigo unavyoikunja bimu. Hupanga kumfundisha namna ya kusimamia umwagaji wa zege. Jengo la Kariakoo lilipoporomoka tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu waliokuwa kwenye biashara zao, hakuna hata mmoja kati ya wale waliokuwamo aliyewahi kupewa nafasi ya kukagua vyeti vya yeyote aliyehusika. Sihusishi msiba ule na mtihani wowote, na chanzo chake ni cha vyombo vinavyohusika kukieleza. Nautaja kwa sababu unaonyesha ni nani hasa anayeutegemea upimaji wetu.

Sasa niseme tathmini ya ana kwa ana ninayoitaka ikoje, na hapa mniruhusu nikae kidogo.

Chukueni swali la kawaida kabisa la mwaka wa pili: bimu ya zege yenye urefu wa mita 6, imeegemea nguzo mbili bila kubanwa, imebeba mzigo uliosambaa wa kiloniutoni 20 kwa kila mita. Momenti kubwa kabisa ni ngapi? Mwanafunzi anachukua kanuni, anazidisha 20 kwa 36, anagawanya kwa 8, anapata kiloniutoni-mita 90 katikati ya bimu. Swali hili likiwa mtandaoni halipimi kitu tena, na likiwa kwenye ukumbi wa mtihani linapima kumbukumbu. Lakini mweke mwanafunzi huyohuyo mbele ya ubao, umwache amalize hesabu yake, kisha umwambie: "Sasa ncha zote mbili zimebanwa kabisa kwenye nguzo. Nini kitatokea?" Anayeelewa ataanza kwa kuchora mpindo wa bimu kabla ya kuandika tarakimu yoyote. Ataona kwamba karibu na nguzo bimu inavutwa upande wa juu, atasema kuwa katikati momenti imeshuka hadi 30 na kwenye nguzo kumetokea 60, na wewe hapo utamuuliza swali moja la mwisho: "Nondo kuu uziweke wapi?" Asiyeelewa atazilaza zote chini, kama zilivyo kwenye mchoro alioukariri. Tofauti ya majibu hayo mawili imeshavunja vibaraza vingi vinavyoning'inia, ambavyo nondo zake ziliwekwa chini wakati mvuto uko juu. Maongezi haya yote huchukua dakika 10, na mwisho wake unajua mengi kuliko ambayo kitabu cha majibu cha kurasa 12 kingekuambia.

Hapohapo niingize jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Katika mtihani wa mdomo, mwanafunzi aruhusiwe kueleza kwa Kiswahili akitaka. Lugha rasmi ya kufundishia shahada zetu ni Kiingereza, nami sipendekezi kubadilisha hilo leo. Lakini mhandisi atakapokuwa juu ya jukwaa la ujenzi akimweleza fundi nondo kwa nini ringi, zile nondo nyembamba zinazozunguka nondo kuu, zikaribiane zaidi kuelekea kwenye nguzo, hatamweleza kwa Kiingereza. Kama tunapima ufahamu wa muundo wa jengo, tusimnyime alama kwa kukosa kitenzi cha kigeni wakati mkono wake umechora mpindo sahihi.

Mtihani wa mdomo si jambo geni duniani. Italia na Ujerumani hazijauacha wakati wowote, na katika vyuo vyao vya ufundi mwanafunzi wa uhandisi huona ni kawaida kukaa mbele ya profesa na kuulizwa. Katika Chuo Kikuu cha California, San Diego, wahadhiri wa uhandisi waliuingiza katika madarasa yao wakati wa janga, wakiwatayarisha wahadhiri wasaidizi ili wajue kuuliza bila kumtisha mwanafunzi wala kumdokezea jibu. Ustadi huo unafundishwa, hauji wenyewe kwa sababu mtu ana shahada ya uzamivu.

Ana kwa ana, vilevile, haimaanishi bila kompyuta. Mtihani wa misingi ya uhandisi ambao wahitimu wa Marekani huufanya katika safari ya kuelekea leseni umekuwa wa kompyuta tangu Januari 2014. Mtahiniwa anakwenda kwenye kituo cha mitihani, anaonyesha kitambulisho, anaacha simu nje, anapewa maswali 110 pamoja na kitabu cha kanuni kwenye skrini, na anatumia kikokotoo kilicho kwenye orodha iliyoidhinishwa. Hakuna anayemtaka akariri kanuni, na hakuna anayeweza kumsaidia. Kwa masomo yetu ya programu za kompyuta, mbinu za kinamba na uchoraji wa mitambo tunaweza kufanya jambo linalofanana na hilo katika maabara zetu wenyewe. Ipo programu huria iitwayo Safe Exam Browser, iliyotengenezwa katika chuo cha ETH Zurich cha Uswisi, ambayo hufanya kazi pamoja na Moodle na kuifunga kompyuta isifungue kitu kingine wakati wa mtihani. Seva inaweza kukaa chumba cha pili na intaneti ya nje ikakatwa. Kinachohitajika ni kompyuta zinazowaka zote kwa wakati mmoja, jenereta yenye mafuta, na fundi wa maabara ambaye hajapangiwa kuwa sehemu tatu siku hiyohiyo. Mnatabasamu kwa sababu mnajua kipi kati ya hivyo ni kigumu kupatikana.

Nitaje karakana pia, kwa kifupi. Mwanafunzi wa uhandisi mitambo apewe kipande cha chuma na vipimo vyake, akipime mwenyewe kwa kalipa mbele ya mkufunzi, aseme kama kimo ndani ya kiwango kinachokubalika. Mwanafunzi wa umeme apewe saketi yenye hitilafu iliyopandikizwa, aitafute akiwa na mita yake. Wakufunzi wetu wamekuwa wakiwapima vijana hivi kwa miaka mingi bila kuiita mageuzi, na alama zao tumezipa uzito mdogo kuliko ripoti iliyochapwa vizuri.

Nakuja kwenye gharama, maana hapa ndipo mipango mingi mizuri huzikwa. Darasa lina wanafunzi 200. Kila mmoja akihojiwa kwa dakika 15, hizo ni saa 50 za mahojiano, bila kuhesabu chai wala wanaochelewa. Hakuna mhadhiri mwenye kozi tatu atakayezipata. Kwa hiyo napendekeza hatua mbili. Kwanza, kila kazi ya mradi iliyofanyiwa nyumbani ifuatwe na mahojiano ya dakika 5, mtahini mmoja, maswali mawili kuhusu uamuzi ambao mwanafunzi mwenyewe ameufanya katika kazi ile: kwa nini ukubwa huu wa nguzo, kwa nini pampu hii. Kwa darasa la 200 hizo ni takribani saa 17, na watahini wanne wakigawana, kila mmoja ana kidogo zaidi ya saa 4. Pili, atakayeshindwa kueleza kazi yake aitwe kwenye mahojiano kamili ya dakika 15 mbele ya watahini wawili, yenye orodha ya vigezo iliyoandikwa kabla na sauti iliyorekodiwa, ili akitaka kukata rufaa kuwe na kitu cha kusikiliza. Watahini wawili ni lazima katika hatua hiyo, kwa sababu mtihani wa mdomo una udhaifu wake: mtahini humjua mwanafunzi, humpenda au hampendi, na wapo wasichana ambao wana sababu nzuri ya kutotaka kufungiwa mlango na mtahini mmoja. Mlango na uachwe wazi hata katika zile dakika 5.

Mtihani wa mtandaoni ulikuwa na wema wake, na wanafunzi wameniomba niuseme. Mwenye ulemavu wa viungo hakulazimika kupanda ngazi za ukumbi usio na lifti. Mwenye uoni hafifu alikuza maandishi atakavyo. Mama aliyejifungua majuzi alifanya mtihani bila kuahirisha mwaka. Tukirudi ukumbini bila kuwapangia hawa vyumba vya chini, muda wa ziada na kompyuta zenye sauti, tutakuwa tumewanyang'anya kitu walichokuwa wamekipata. Na kwa wanaoishi mbali, jibu tunalo hapahapa nchini kwa miaka mingi: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho wanafunzi wake husomea walipo, kilijenga utaratibu wa kuwapa mitihani katika vituo vyake vya mikoani. Inawezekana mtu akasomea Kigoma na akapimiwa Kigoma, mbele ya msimamizi.

Mtu ataniambia kwamba hata ukumbini watu huangalizia, huingia na vikaratasi, na siku hizi wana saa za mkononi zenye uwezo wa simu. Ni kweli, na hakuna mwalimu hapa asiyejua. Kuangalizia ukumbini hata hivyo kunahitaji ujasiri, bahati na jirani anayejua jibu, na maswali ya "kwa nini" hayana jirani.

Kuhusu kazi za nyumbani, nashauri tuache kuwa polisi. Chuo Kikuu cha Sydney kimegawa tathmini zake katika makundi mawili: zile zinazofanyika chini ya usimamizi, ambazo ndizo zinazothibitisha kwamba mwanafunzi ameweza, na zile zilizo wazi, ambamo matumizi ya akili mnemba yanaruhusiwa na hufundishwa. Mgawanyo huo una ukweli ndani yake. Mwanafunzi atumie mtambo kutafuta makosa katika msimbo wake, kulinganisha aina za pampu, hata kuandika rasimu ya ripoti, na sisi tusijifanye kwamba hatatumia. Uzito wa alama ndio uhamie mahali ambapo anaonekana akifikiri. Hilo linahitaji tukae kama idara, tuipitie shahada yote ya miaka minne, na tukubaliane ni katika kozi zipi mwanafunzi hapiti bila kusimama mbele ya mtu. Si lazima ziwe zote. Statiki, nguvu za mata, saketi, usanifu wa mwaka wa tatu na mradi wa mwisho zingenitosha kwa kuanzia.

Ndugu Mwenyekiti, yote haya yanakwama mahali pamoja. Katika taratibu zetu za kuhesabu mzigo wa kazi wa mhadhiri, saa ya mhadhara inahesabiwa, saa ya semina inahesabiwa, na saa ya kumhoji mwanafunzi haimo. Mhadhiri atakayefanya ninayoyapendekeza atayafanya kwa muda wake wa utafiti, na baada ya muhula mmoja ataacha, nami sitamlaumu. Kwa hiyo ombi langu kwa kikao hiki ni moja: muda wa mahojiano ya tathmini uingizwe katika mzigo rasmi wa kufundisha kuanzia muhula ujao, pamoja na muda wa wakufunzi wa karakana na maabara wanaopima kwa vitendo, na pendekezo hilo lipelekwe seneti kabla ya ratiba ya mitihani kupangwa.

Naomba kuwasilisha.